Kasongo Inaimbwa, Haisomewi Sheria

Mwishoni mwa mwaka 2024 jina la Kasongo lilivuma Nairobi kwa namna ambayo halijawahi kuvuma Kinshasa. Vijana wa Kenya waliuokota wimbo wa zamani wa Orchestra Super Mazembe, bendi ya wanamuziki wa Kongo waliopiga kambi Nairobi katika miaka ya 1970, wakambandika Rais William Ruto jina lililomo ndani yake. Katika wimbo huo mwanamke anamlilia mumewe, Kasongo, arudi nyumbani. Waliouchezesha kwenye simu na kwenye matatu walikuwa na maana moja: rais naye aende kwake. Ruto mwenyewe alikiri hadharani kwamba jina limemfikia. Kasongo wa wimbo ni mtu, si mji wetu wa mkoa wa Maniema nchini Kongo, na hakuna aliyeuimba huko Kenya akiwaza barabara ya Kasongo kwenda Kabambare, wala watu wa Lusangi na Salamabila. Hata hivyo sisi wenye jina letu tuna haki ya kujiuliza: kijana wa Kenya alipata wapi ulimi wa kumsemea rais wake mambo ya kodi na bajeti, hadi wimbo wa mapenzi ukawa hoja ya kisiasa? Kabla ya wimbo kulikuwa na muswada, na muswada huo ulikuwa umeshasomwa.

Katikati ya mwaka huohuo Bunge la Kenya lilikuwa na Muswada wa Fedha mezani, kurasa na kurasa za Kiingereza cha wanasheria. Vijana waliuchambua kipande kwa kipande, wakautafsiri kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, wakaueleza katika video fupi: mkate utatozwa nini, gari litatozwa nini. Muuza mboga aliyeishia darasa la nane akajua kifungu kipi kinagusa mfuko wake. Tarehe 25 Juni 2024 umati uliingia hadi bungeni, na kesho yake rais akatangaza kwamba hatautia saini. Makumi ya vijana waliuawa katika maandamano ya miezi ile, na sitaki mtu yeyote afe Maniema kwa ajili ya karatasi. Ninachokitazama ni hatua ya kwanza, ile iliyotangulia maandamano na wimbo. Watu walijua kilichoandikwa. Ukishajua kilichoandikwa unaweza kukikubali, kukikataa, kukicheka au kukiimba. Usipokijua, kinachobaki ni kuambiwa.

Sisi sasa tunaambiwa. Tarehe 23 Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Rais Félix Tshisekedi alisema Katiba ya nchi haiendani na hali yetu, na kwamba ataunda tume ya kufikiria katiba nyingine. Tangu siku ile mjadala haujapoa. Maaskofu Wakatoliki wa CENCO walipinga, wapinzani walipiga kelele, wafuasi wa rais walijibu, wanasheria waliketi kwenye televisheni. Yote hayo kwa Kifaransa, na damu ilipochemka, kwa Lingala. Halafu vita vikaja juu: Goma ikaanguka mikononi mwa waasi mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu ikafuata katikati ya Februari, na kwa watu wa kusini mwa Maniema, ambao bidhaa zao nyingi hutegemea njia za Kivu, habari ya katiba ikafunikwa na habari ya chumvi na sabuni. Lakini suala la katiba halijafungwa, na siku moja huenda tukaitwa tena tupige kura ya ndiyo au hapana, kama tulivyoitwa Desemba 2005 kwa Katiba hii iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006. Hoja yangu ni hii: mtu wa Kasongo na Kabambare asiulizwe ndiyo au hapana, wala asidaiwe kutii sheria yoyote mpya, kabla sheria hiyo haijamfikia kwa Kiswahili anachokisema. Kumtaka aamue bila hivyo ni kumuuzia mbuzi kwenye gunia.

Wala hili si ombi la upendeleo. Limo ndani ya Katiba yenyewe, hii tunayoambiwa imechakaa. Kifungu cha 1 kinataja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Chiluba, na kinaitaka serikali izikuze bila ubaguzi. Kifungu cha 18 kinasema mtu akikamatwa lazima aelezwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 142 kinakwenda mbali zaidi: serikali inapaswa kueneza kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, ndani ya siku sitini tangu sheria itangazwe. Hakisemi serikali ikipata nafasi, wala ikipata wafadhili. Na kifungu cha 62 ndicho kinachofanya jambo hili kuwa zito, kwa sababu kinasema hakuna mtu anayehesabiwa kuwa hajui sheria. Viweke hivi viwili pamoja. Dola inasema: huna ruhusa ya kutoijua sheria. Kisha inasema: nami nina deni la kukufikishia sheria hiyo kwa lugha yako. Deni la raia hudaiwa kila siku, kwa faini na kwa pingu. Deni la dola halidaiwi na mtu, kwa kuwa wenye haki ya kulidai hawajasomewa kwamba wana haki hiyo.

Kuna uchungu wa pekee katika jambo hili kutokea Kasongo. Huu si mji uliofundishwa Kiswahili na redio. Kabla hakujakuwa na nchi iitwayo Kongo, Kiswahili kilikuwa lugha ya Kasongo. Mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, aliufanya mji huu kuwa makao yake katika miaka ya 1870, na majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji chini ya kamanda Dhanis yaliuteka mwezi Aprili 1893, wiki chache baada ya kuuteka mji wa Nyangwe. Mahali pa mji ule wa zamani panaitwa Tongoni hadi leo, na msemaji wa Kiswahili analijua neno tongo, yaani mahame. Tippu Tip aliyaeleza maisha yake kwa Kiswahili, na maandishi hayo yalichapwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Humo mna mashauri, madeni, mikataba, vita na hukumu za nchi hii yetu, yote kwa Kiswahili, zaidi ya miaka 120 iliyopita. Basi anayesema leo kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba mambo ya utawala Kasongo anasema jambo ambalo historia ya mji imeshalikanusha. Najua lugha hii ilikuja na misafara iliyobeba pembe za ndovu na watu waliofungwa shingo. Watoto wa watu hao ndio walioichukua, wakaikunja kwa sauti zao, wakaifanya Kingwana, wakaitumia kuoa, kuuza, kuzika na kusali. Lugha haibaki mali ya aliyeileta kwa nguvu. Wabelgiji walilitambua hilo, wakaitumia. Wamisionari wakaitumia shuleni na kanisani. Hadi leo padri akitaka kueleweka anahubiri kwa Kiswahili, na sheikh naye akimaliza Kiarabu cha sala anawageukia watu kwa Kiswahili.

Tazama jinsi mambo yanavyokwenda kwenye bariyeri. Mtu anasukuma baiskeli yenye bidoni nne za mawese, kamba zimekaza juu ya fremu, fimbo imefungwa kwenye usukani ili aweze kuongoza akiwa pembeni. Anasimamishwa. Anaambiwa kwa Kiswahili: lipa. Akiuliza ni ya nini, anaonyeshwa karatasi yenye muhuri, imeandikwa kwa Kifaransa, mistari mirefu yenye namba ya amri na tarehe. Anayemwonyesha huenda naye haisomi yote. Mle ndani huenda mmeandikwa kwamba takse hiyo inahusu magari, si baiskeli. Huenda mmeandikwa kiasi cha franga ambacho ni nusu ya anachodaiwa. Huenda, pia, takse ni halali kabisa na anadaiwa kwa haki. Hawezi kujua. Anachokijua ni kwamba amri imetolewa kwa lugha yake na sababu imefungiwa katika lugha nyingine, na mahali amri inapotengana na sababu ndipo rushwa inapoketi. Anatoa franga, kamba ya bariyeri inashuka, anainama tena kusukuma. Kesho bariyeri nyingine itaota mita mia tano mbele, kwa karatasi ileile au bila karatasi, kwani kwa aliyesimamishwa hakuna tofauti.

Au chukua dhahabu ya Namoya, katika eneo la Kabambare, ambako kampuni ya Banro ya Kanada ilitangaza kuanza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016, na ambako kazi ilisimama mwaka 2019 katikati ya misukosuko ya silaha na ya wachimbaji wa mikono. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 ina mambo ambayo kila mtu wa Salamabila angepaswa kuyajua kama anavyojua bei ya muhogo. Inasema mrabaha wa madini ugawanywe: asilimia 50 serikali kuu, asilimia 25 mkoa, asilimia 15 kwa sekta au sheferi au mji ambamo mgodi umo, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Inasema pia kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi. Fikiria kikao cha kijiji ambamo namba hizo zinajulikana. Chifu akisema hakuna kilichoingia, mtu atauliza asilimia 15 imepita wapi. Kampuni ikijenga darasa moja na kupiga picha, mtu atauliza mauzo yalikuwa kiasi gani. Fikiria sasa kikao kilekile bila namba. Kinachobaki ni manung'uniko, na manung'uniko yasiyo na kifungu cha kushikilia hutafuta njia nyingine. Sidai kwamba bunduki za Kabambare zilitokana na tafsiri iliyokosekana. Ardhi, umaskini, vita vya jirani na tamaa ya dhahabu vina sehemu kubwa zaidi. Nasema mtu aliyenyimwa kifungu amenyimwa silaha moja halali, na waliokuja kumpa silaha isiyo halali walimsemesha kwa lugha anayoielewa.

Ndiyo, kwa sababu Kiswahili hakikosekani Kabambare mtu anapotaka kitu. Wagombea walipopita kuomba kura za tarehe 20 Desemba 2023, ni nani kati yao aliyepanda jukwaani akahutubia kwa Kifaransa? Walitoa salamu za Kiswahili, methali za Kiswahili, ahadi za Kiswahili. Mashine ya kura nayo iliwekewa picha na namba ili asiyesoma achague. Wahamasishaji wa chanjo wanapopita vijijini na kipaza sauti, hakuna anayewaambia wazazi wa Lusangi neno la Kifaransa, maana wanajua mtoto hatachanjwa. Wakuu wa makundi yenye silaha ya Mai-Mai wanapowavuta vijana, huwavuta kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Kifungu cha 190, kinachoharamisha kuunda jeshi la binafsi au kuwapa vijana silaha na kukiita kitendo hicho uhaini mkubwa, kinakaa kimya ndani ya kitabu cha Kifaransa. Dola inajua kusema Kiswahili. Inakisema inapoomba kura, inapohitaji mikono ya watoto kwa sindano, inapodai takse. Inakisahau inapofika zamu ya kueleza inachodaiwa yenyewe.

Watu wenye akili nzuri hupinga hoja hii, na mapingamizi yao hayastahili kupuuzwa. La kwanza ni kwamba Kifaransa kinatuunganisha: nchi yenye mamia ya lugha ikianza kutunga sheria kwa lugha nne itavunjika vipande. Lakini hakuna anayeomba Kifaransa kiondolewe. Bunge liendelee kutunga kwa Kifaransa, mahakama ya juu ihukumu kwa Kifaransa, na pakitokea ubishi juu ya maana, nakala ya Kifaransa ndiyo itakayoamua. Kinachoombwa ni kwamba sheria ikishatungwa isafiri. Kenya ina lugha mbili rasmi, Kiswahili na Kiingereza, na haijavunjika kwa sababu hiyo. Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na waliosema maneno ya kisheria hayawezekani kwa Kiswahili waliyasema hayohayo kuhusu Bunge miaka mingi kabla. Umoja ambao sharti lake ni wengi wasielewe wanachotawaliwa nacho una msingi wa mchanga.

La pili ni gumu zaidi, na linatoka Kinshasa. Kiswahili kina doa huko. Kiliingia mjini tarehe 17 Mei 1997 pamoja na askari wa jeshi la waasi la AFDL, kikasikika tena katika hofu ya Agosti 1998, waasi wengine walipoukaribia mji, na tangu Goma na Bukavu zianguke mwaka 2025 msemaji wa Kiswahili amekuwa akitazamwa kwa jicho la shaka katika baadhi ya mitaa ya jiji kuu, kana kwamba lafudhi ni kitambulisho cha adui. Je, huu ni wakati wa kukipandisha Kiswahili? Naamini huu ndio wakati wenyewe. Watu wa Kasongo na Kabambare hawakuchagua vita, na sehemu kubwa ya waliokimbia vita hivyo wanalia kwa Kiswahili. Dola ikikiacha Kiswahili kwa sababu adui naye anakisema, itakuwa imempa adui lugha ya mamilioni ya raia wake bila kupigana. Redio ya waasi itasema Kiswahili. Serikali inayojibu kwa Kifaransa kutoka Kinshasa inamjibu nani?

La tatu linatoka hapahapa kwetu. Watu wanauliza: Kiswahili gani? Na Kibangubangu je, na Kizimba, na Kikusu, na Kibuyu? Swali la mwisho nalijibu kwanza. Katiba hiyohiyo inaiagiza serikali izilinde lugha nyingine zote za nchi kama urithi, na mzee anayeamua kesi ya shamba kwa Kibangubangu aendelee, na aheshimiwe. Lakini Mbangubangu na Mzimba wanapokutana sokoni wanakutana kwa Kiswahili, na sheria ni jambo la sokoni, la watu waliokutana. Kuhusu Kiswahili gani, hapa nina msimamo. Tukichukua tafsiri yenye harufu ya Dodoma na kuimwaga Kabambare tutakuwa tumebadili Kifaransa kigeni kwa Kiswahili kigeni. Neno la vitabuni ni muhula. Watu wetu wanasema manda ya raisi. Vitabu vinasema kura ya maoni. Mtu wa Samba anasema referandomu. Vitabu vinasema mrabaha, neno ambalo mchimbaji aliyesimama ndani ya shimo hajalisikia maishani, ingawa anajua vizuri kwamba kuna fungu la dhahabu ambalo leta, yaani serikali, inachukua. Basi mfasiri aandike muhula kisha aeleze palepale kwamba ndiyo manda. Aandike mrabaha kisha aseme ni fungu ambalo mwenye mgodi anatoa kwa ajili ya madini aliyoyatoa ardhini. Na kazi hiyo wapewe walimu wa Kasongo, wanasheria wa Kindu, makatekista na mashekhe waliozoea kutafsiri mambo mazito kila wiki mbele ya watu wanaouliza maswali. Hakuna kamusi itakayoishinda kazi yao.

Kuhusu gharama, sitatumia maneno mengi. Julai 2025 serikali iliingia mkataba na klabu ya Barcelona ili jina la nchi yetu liandikwe kwenye jezi zao za mazoezi, kwa makumi ya mamilioni ya yuro katika miaka minne. Waliotetea mkataba ule walisema dunia lazima iijue Kongo. Sina ugomvi na mpira. Maniema Union ilipoingia makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika msimu wa 2024 hadi 2025, hapakuwa na mtu wa mkoa huu asiyeinua kichwa, hata kama mechi za nyumbani zilichezwa Kinshasa, mbali na Kindu. Lakini nchi yenye fedha za kujitangaza kwa Mkatalani haiwezi kusema haina fedha za kumtangazia sheria Mbangubangu. Kusoma kifungu kimoja redioni kila jioni hakuhitaji hata karatasi. Redio Okapi imetangaza habari kwa lugha zetu nne za taifa pamoja na Kifaransa tangu mwaka 2002, ikiendeshwa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Walichokiweza wageni kwa miaka zaidi ya 20, mwenye nchi atasemaje kimemshinda?

Wapo watakaosema tafsiri zipo tayari, zilifanywa na mashirika, mtu akizitafuta atazipata. Kifungu cha 142 hakisemi serikali itafsiri na kuweka kabatini. Kinasema ieneze. Tafsiri iliyo kwenye ofisi ya shirika fulani mjini haijaenezwa, kama vile dawa iliyo kwenye ghala la Kindu haijamtibu mgonjwa wa Lusangi. Na wapo watakaosema watu wengi hawajui kusoma hata hicho Kiswahili, hasa mama zetu. Ni kweli, na ndiyo sababu nimetaja redio kabla ya kitabu. Sheria isomwe hadharani siku ya soko, isomwe mbele ya kanisa baada ya misa, isomwe msikitini baada ya sala ya Ijumaa, na ikisomwa watu wapewe nafasi ya kuuliza. Raia elfu mia moja, kwa mujibu wa kifungu cha 218, wana haki ya kutia saini ombi la kubadili Katiba na kulipeleka bungeni wao wenyewe. Mikoa, kwa mujibu wa kifungu cha 175, ina haki ya asilimia 40 ya mapato ya taifa, zibaki mkoani kabla hazijasafiri. Elimu ya msingi, kwa mujibu wa kifungu cha 43, ni bure. Hiki cha mwisho kiliandikwa mwaka 2006, na serikali ilianza kukitekeleza nchini kote Septemba 2019. Miaka 13 wazazi walilipa walimu kwa kuuza mpunga na mawese, wengi wao bila kujua kwamba kuna kifungu kinachowatetea. Wangejua, pengine wangelipa vilevile, kwa kuwa mwalimu naye alihitaji kula. Lakini wangelipa wakiwa wanadai.

Muziki umeshatangulia katika njia hii ambayo wanasiasa wanaiogopa. Mwaka 2019 Innoss'B, kijana wa Goma, aliimba pamoja na Diamond Platnumz wa Tanzania, Lingala na Kiswahili vikagusana ndani ya wimbo mmoja, na hakuna aliyesema nchi imegawanyika. Mwaka uliofuata Koffi Olomide naye akaimba na Diamond huyohuyo. Vijana wa Kasongo wanazicheza nyimbo hizo kwenye kadi za simu zinazopita mkono kwa mkono, wanajua maneno yake yote, hata ya lugha wasiyoizungumza, kwa sababu mwimbaji alitaka wamwelewe, akawafuata. Tukirudi kwa wimbo wa Kasongo, wale Wakenya walielewa Lingala yake kidogo tu. Walichokielewa vizuri ni serikali yao.

Kwa hiyo nawaomba madepite wa Kasongo na Kabambare, wa taifa na wa mkoa, waliopanda majukwaa yetu kwa Kiswahili fasaha: kabla ya kuinua mkono kwa ajili ya katiba mpya au kuikataa, ulizeni swali moja bungeni, kwamba serikali imetekelezaje kifungu cha 142 kusini mwa Maniema. Na msomaji, depite wako akirudi likizo, mwambie akuletee sheria moja kwa Kiswahili, moja tu, hiyo ya madini. Ilitangazwa tarehe 9 Machi 2018, ikatiwa saini na Joseph Kabila, rais ambaye Kiswahili ni lugha aliyokulia. Siku zake sitini ziliisha tarehe 8 Mei 2018.